Mama Pua na Masinia Saba

Kuna wanaozaliwa na bahati, kuna wanaozaliwa na sura, na kuna wanaopewa pua. Mwanamke huyu alipewa pua. Kwa umbo ilikuwa pua kama zenu na yangu, lakini ilivyofanya kazi ilikuwa balaa. Alipokuwa mtoto, mama yake alificha sukari ndani ya mkebe, mkebe ndani ya sanduku, sanduku chini ya kitanda, na bado binti aliifuata moja kwa moja kama aliyeelekezwa njia. Akiingia sebuleni aliweza kusema ni mjomba yupi aliketi kwenye kiti kipi, na kama alikuwa amekunywa kitu kabla ya kuja. Wajomba walimpenda kwa mbali.

Pua ya namna hiyo humfundisha mtu kushuku. Sisi wengine tunaambiwa uongo, tunaumeza, maisha yanakwenda. Yeye aliusikia uongo ukiingia mlangoni. Alipoolewa, mumewe alirudi jioni moja akinukia sabuni ambayo haikuwa ya bafu lao.

"Umetoka wapi?"

"Nitoke wapi tena? Kazini."

"Siku hizi kazini mnaogeshana?"

Ndoa haikufika mbali. Alirudi kuishi na mdogo wake, mshonaji mwenye maneno mengi kuliko vitambaa, na akaenda kutafuta kazi kwenye kiwanda cha chai. Walimpa ufagio. Alifagia ghala mpaka siku alipomwambia msimamizi kwamba magunia ya pembeni yamelazwa karibu na mafuta ya taa. Msimamizi alicheka, akainama, akanusa, akaona hakuna kitu. Lakini magunia yalipofunguliwa na chai kupikwa, ilikuwa na ladha ya kibatari. Wiki hiyohiyo wakamvua aproni ya kufagia, wakamvika koti jeupe, wakampeleka chumba cha kuonja. Huko ndiko alikopata jina la Mama Pua, ingawa hakuwahi kuzaa.

Chumba cha kuonja kilikuwa kirefu, chenye madirisha upande mmoja na kaunta ya vigae vyeupe upande wa pili. Vikombe vilipangwa mstari mzima, majani makavu mbele ya kila kikombe. Mwonjaji huchota kijiko, hufyonza kwa kishindo ili chai itawanyike mdomoni na mvuke upande puani, huizungusha, hutema kwenye ndoo, kisha hutoa hukumu. Asiyejua hudhani ulimi ndio unaofanya kazi. Ulimi unajua uchungu na utamu, basi. Chai hasa huonjwa na pua, na mtu akiziba pua hata maji ya kuoshea masufuria yanaweza kumpita.

Pale alimkuta Bwana Funda. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye mfyonzo uliosikika hadi getini. Alimwita Mama Pua "dada", naye akamwita "kaka", na udugu huo wa kazini ukawa mzito kuliko udugu mwingine wa damu ninaoufahamu. Walisimama bega kwa bega kwenye kaunta, wakaonja, wakakubaliana. Wakati mwingine walitoka pamoja jioni, maana walikaa njia moja. Baadaye kiwanda kilimpa Mama Pua nyumba ndogo ya vyumba viwili nyuma ya ghala, nyumba ya mwonjaji, naye akahamia na mdogo wake na cherehani yake. Hata hapo Bwana Funda alizunguka kidogo ili ampitishe mlangoni kwake kabla ya kwenda zake.

Kisha yakaja mafua. Yalikuwa mafua ya kawaida, ya kunywa maji ya moto na kulalamika. Homa ikaondoka, kikohozi kikaondoka, kamasi zikaondoka, na pua ikaondoka nazo. Asubuhi aliyorudi kazini aliinama kwenye kikombe cha kwanza akavuta pumzi, na hakupata kitu. Alipata joto tu, mvuke wa maji. Akadhani kikombe kimesahauliwa kutiwa majani. Akaenda cha pili. Akaenda cha tatu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini wa kumwambia alikuwa nani? Nyumba ilikuwa ya mwonjaji. Jina lenyewe lilikuwa Mama Pua. Akanyanyua kijiko, akafyonza, akamtazama Bwana Funda kwa pembe ya jicho. Chai nzuri ilimpandisha Bwana Funda nyusi kidogo. Chai mbovu ilimvuta mdomo upande. Mama Pua akangoja apate kuona, kisha akasema: "Hii ina uhai." Bwana Funda akatikisa kichwa kukubali. Siku ikapita. Na nyingine. Akaongeza macho yake mwenyewe: rangi ya maji, umbo la majani, jina la shamba lilikotoka gunia. Miaka ikapita hivyo, na hakuna aliyejua.

Shida ni kwamba pua iliondoka ikaacha shuku nyuma. Zamani alishuku kwa ushahidi, sasa alishuku kwa kubahatisha, na kubahatisha hakuna mwisho. Wahasibu wawili wakicheka koridoni, wanamcheka yeye. Mlinzi akimsalimia kwa furaha, ametumwa. Mpishi wa kantini akimwekea chakula kingi, anataka kitu, na akimwekea kidogo, ameshapewa habari. Siku moja mdogo wake alienda mlangoni kuzungumza na mteja akasahau pasi juu ya gauni. Aliporudi chumba kilikuwa cheupe kwa moshi na gauni lina tundu la umbo la pasi, na Mama Pua amekaa palepale, mgongo kwa meza, akimenya viazi.

"Dada! Hukusikia harufu?"

"Nilikuwa na mawazo."

"Mawazo gani hayo yanayoziba pua?"

Mama Pua alimkodolea macho mdogo wake jioni nzima. Pasi ile, alijiuliza, ilisahauliwa kweli, au ilitegwa?

Basi ndipo bosi alipowaita waonjaji wote ofisini. Walikuwa watatu: Mama Pua, Bwana Funda, na mwanamke mnene aliyeajiriwa juzijuzi, akaitwa Shemeji kwa sababu alikuwa shemeji wa bosi. Mama Pua alimshuku huyu wa tatu tangu siku ya kwanza, na kwa kweli hata mimi ningemshuku. Bosi alisema biashara imekuwa ngumu. Chai saba mpya zimeletwa, kiwanda kitachagua ya kununua. Kuanzia msimu ujao atabaki mwonjaji mmoja mkuu, na wengine watahamia kufungasha. Nyumba, bila shaka, ingemfuata mwonjaji mkuu. Ili mambo yawe ya haki amemleta mtaalamu.

Mtaalamu alikuwa binti mwembamba mwenye miwani. Alisomea mambo ya viumbe, kisha akasomea hesabu, kisha, kwa maoni ya Mama Pua, akasomea kutazama watu bila kupepesa. Tumwite Binti Hesabu. Aliingia chumba cha kuonja na mafundi, wakagawa kaunta kwa mbao nyembamba kuwa vijichumba vitatu, na kila kijichumba kikafungwa balbu nyekundu. Kwenye mwanga ule chai zote zilikuwa na rangi moja. Majani makavu hayakuwekwa. Majina ya mashamba hayakutajwa. Badala yake kila chai ilipewa alama iliyobandikwa kikombeni: jua, mwezi, nyota, kisu, jicho, jani, ndege.

Mama Pua alitazama ile balbu nyekundu. Hii, alijiambia, imetengenezwa kwa ajili yangu.

"Kila asubuhi kila mtu ataletewa sinia moja lenye vikombe vitatu," Binti Hesabu akaeleza. "Atasema kipi cha kwanza, kipi cha pili, kipi cha mwisho. Masinia ni saba kwa asubuhi saba. Tafadhali msijadiliane."

"Chai ni saba," Mama Pua akasema. "Kwa nini usituletee zote saba tukamaliza siku moja?"

"Mdomo huchoka, mama. Kikombe cha nne hakipati haki yake, cha saba ndiyo kabisa. Wewe unalijua hilo kuliko mimi."

Mama Pua alilipima lile "kuliko mimi" pande zote kama lina sumu.

"Na hizo tatu tatu unaziokota vipi? Unachovya mkono tu?"

Hapo binti akachangamka, akawa mtoto aliyeulizwa habari za mwanasesere wake. Akasema hapana, zimepangwa. Katika masinia saba yale, kila chai inakutana na kila chai nyingine mara moja, haizidi na haipungui. Hakuna itakayolalamika kwamba ilipewa majirani wepesi. Akasema wakulima wa mbegu wanautumia mpango wa aina hii: shamba lina udongo mzuri huku na mbaya kule, kipande kimoja kinatosha mbegu tatu tu, basi unazipanga hivi ili isiwepo mbegu inayobebwa na udongo. Akasema hata maabarani, damu za watu wengi huchanganywa kwa mafungu, kila damu kwenye mafungu kadhaa yaliyopangwa, na mgonjwa mmoja hujulikana kwa kuangalia ni mafungu gani yameonyesha ugonjwa, bila kumpima kila mtu peke yake.

"Watu wa hesabu waliupanga kama mchezo tu," alimaliza, "kabla hajatokea mwenye shida nao."

Kwa hiyo mgonjwa mmoja hujulikana. Maneno mengine yote Mama Pua aliyaacha yapite, hayo akaondoka nayo.

Nyumbani alimwomba mdogo wake vifungo saba vya rangi mbalimbali. Hakuamini kabisa. Kitu kinacholingana kila upande kimepikwa, na aliyekipika ana sababu. Alipanga vifungo vitatu vitatu juu ya meza ya kukatia. Kila alipokaribia kumaliza, viwili vilikuwa vimekutana mara mbili na vingine viwili havijakutana hata mara moja.

"Haiwezekani," akasema. "Nilijua. Yule mtoto ni mwongo."

"Au wewe ndiye huwezi," mdogo wake akajibu, sindano mdomoni. "Hebu nione. Ni kama zamu za bomba pale tulipopanga zamani, kila mwanamke alitaka kushika zamu na kila mwenzake ili pasiwe na kundi. Si tulikaa kwa duara?"

Akaleta sahani, akapanga vifungo saba ukingoni kwa duara. Wakajaribu cha kwanza, cha pili na cha tatu, wakasogeza, ikaharibika. Wakajaribu cha kwanza, cha pili na cha nne. Hilo ni sinia la kwanza. Kila kimoja wakakisogeza nafasi moja: cha pili, cha tatu na cha tano. Tena: cha tatu, cha nne na cha sita. Wakaendelea kusogeza mpaka duara likarudi lilikoanza, na kila kifungo kilikuwa kimekutana na kila kifungo mara moja tu. Mdogo mtu akapiga makofi. Mama Pua aliizungusha sahani taratibu, na nisiseme uongo, aliona uzuri. Kwa muda wa kukoroga chai alisahau kumshuku mtu yeyote. Kisha akagundua kingine: masinia mawili, uchague yoyote yale, yana kikombe kimoja cha pamoja. Kimoja tu, daima. Akasimamisha sahani.

Kikombe kimoja. Kama sinia lake na la Bwana Funda hayafanani, bado kuna kikombe kimoja ambacho wote wawili wamekionja. Na kwa kadri siku zinavyosonga, kila chai atakayoletewa yeye itakuwa imeshapita mdomoni kwa kaka yake. Hakuhitaji pua. Alihitaji maongezi ya njiani tu.

Asubuhi ya kwanza alikaa chini ya taa nyekundu na jua, mwezi na kisu. Alifyonza kwa kelele ya heshima. Ya jua ilikuwa maji ya moto. Ya mwezi ilikuwa maji ya moto. Ya kisu ilikuwa maji ya moto yenye uchungu kidogo. Ubao ulimtenga na Bwana Funda, alisikia mfyonzo wake tu, na mfyonzo hauna nyusi. Akaweka mwezi juu, kwa sababu moja tu: alipenda mwezi. Binti Hesabu alichukua jibu, akashukuru, hakupepesa.

Jioni akamngoja Bwana Funda getini. Alikuwa ameshaandaa swali lake, lakini kaka alimtangulia.

"Vipi leo, dada? Umeonaje?"

"Aa, za kawaida. Wewe?"

"Anza wewe. Pua yako ndiyo pua."

Sifa tamu. Mama Pua, ambaye angemshuku malaika akimletea maji, hakuona kitu. Alisema ya mwezi imemvutia, ina kina, ya jua ni nyepesi, ya kisu ni hovyo.

"Ya mwezi hata mimi nilipewa," Bwana Funda akasema. "Nimeiweka juu. Kina hicho hicho unachosema."

Mama Pua alikaribia kumkumbatia barabarani. Kumbe alibahatisha akapatia! Kumbe mkono wa zamani ulikuwa bado unajua njia hata taa ikizimwa. Akamuuliza vikombe vingine vya sinia lake; vilikuwa jani na ndege. Bwana Funda akasitasita, akasema jani si mbaya, ndege, mmm, wewe ungedhaniaje kwa jina tu? Wakacheka. Mama Pua akasema ndege hulia tu, haina mwili. Bwana Funda akasema umepatia, ndivyo ilivyo.

Kesho yake jioni wakamaliza nyota na jicho. Kufikia hapo Mama Pua alikuwa na chai zote saba kichwani, kuanzia ya juu hadi ya chini, na mwezi ukiwa kileleni. Asubuhi za mbele alikaa chini ya taa nyekundu kama mtu aliyekaa kwake. Alifyonza, akatema, akahesabu hadi kumi ili aonekane anafikiri, akajibu. Nyumbani alizungusha sahani ya vifungo akaona sinia la kesho kabla halijaletwa. Mdogo wake alimwambia amependeza siku hizi, ana nuru usoni. Akamshuku kidogo, kwa mazoea.

Aliyebaki kumshuku alikuwa Shemeji. Kila alipotoka kijichumbani yule mwanamke alikuwa na uso uliokunjamana, anakohoa, anaomba maji. Asubuhi moja alisikika akimwambia Binti Hesabu, "Hivi hii nyingine mmeipata wapi?" na binti akamnyamazisha. Mama Pua alijua tafsiri yake: wanapeana majibu. Alikwenda hadi kwa bosi kushtaki. Bosi alimsikiliza, akasugua paji la uso, akasema tungoje masinia yaishe.

Yakaisha. Wakaitwa chumba cha kuonja, mbao zimeshaondolewa, madirisha wazi, kaunta nyeupe ileile. Bosi alisimama pembeni. Shemeji alikuwa amesimama karibu na mlango, leso mkononi. Binti Hesabu alikuwa na mtungi mmoja wa kioo mbele yake, umefunikwa.

"Mama," alianza, na sauti yake haikuwa na ushindi wowote, hilo lazima nimpe haki yake. "Mtu anayebahatisha, mpango huu humkamata kwa sababu hujipinga. Leo atasema jua limeishinda nyota, kesho nyota imekishinda kisu, keshokutwa kisu kimelishinda jua. Anazunguka. Mtu mwenye pua hazunguki. Nyinyi wawili, tangu siku ya tatu, hamkuzunguka."

Mama Pua akavuta pumzi. Akamtazama Shemeji kwa jicho la aliyeshinda kesi.

"Lakini siku mbili za kwanza mlipishana," binti akaendelea. "Ya mwezi, kwa mfano. Siku ya kwanza wewe uliiweka juu, na Bwana Funda akaiweka ya mwisho. Kuanzia siku ya tatu mkawa mtu mmoja. Hakuna sinia mlilotofautiana. Nimefanya kazi na mbegu, nimefanya kazi na damu, nimefanya kazi na waonjaji wa kila kitu, na sijaona ndimi mbili zinazofanana hivyo. Hamkuwa mnaonja chai. Mlikuwa mnaonjana nyinyi wenyewe."

Ya mwisho? Mama Pua aligeuka. Bwana Funda alikuwa akiangalia vigae.

"Na katika zile saba," Binti Hesabu akasema, "moja niliiweka mimi mwenyewe ili niwe na uhakika. Ililala ghalani kwenye gunia lililonyeshewa."

Akafunua mtungi wa mwezi. Mlangoni Shemeji akaweka leso puani na kutoka nje. Bosi akarudi nyuma hatua, akafungua dirisha ambalo lilikuwa tayari wazi. Binti akausukuma mtungi katikati yao wawili, akasema kwa upole, "Nuseni, tafadhali. Mniambie."

Waliinama pamoja, bega kwa bega, kama walivyoinama miaka yote. Mama Pua akavuta pumzi, akapata hewa. Akainua macho kutafuta nyusi za kaka yake. Akakuta macho ya kaka yake yako usoni kwake, yamefunguka, yanangoja.

Walikaa hivyo. Hakuna aliyepandisha nyusi. Hakuna aliyevuta mdomo. Na hapo Mama Pua akaona yote kwa mpigo, kama mtu aliyewashiwa taa ndani ya nyumba aliyodhani anaijua: ule "anza wewe" wa kila jioni, ule ukimya wake mwenyewe kabla ya kutoa hukumu, na namna Bwana Funda alivyokuwa akiutazama ukimya huo.

"Tangu lini, kaka?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Meno yalipoanza kunisumbua, nikapewa zile dawa kali. Zikaondoka na pua yangu. Na wewe?"

"Yale mafua."

Bwana Funda akafikiri.

"Basi mimi ni kabla yako, dada. Wewe ulipougua, mimi nilikuwa nimeshaanza kukutazama. Ukinyamaza kidogo, nilijua ni nzuri. Uliporudi ukawa unanyamaza sana. Nikadhani umezidi kuwa hodari."

Mama Pua alishika ukingo wa kaunta. Alitaka kukasirika, na hasira ilikuwa pale karibu, lakini kilichomjia ni aibu, na nyuma ya aibu uchungu kwa kaka yake ambao hakujua auweke wapi. Kwa hiyo tangu mafua yale, chai yote iliyotoka getini, magunia kwa magunia, hakuna mtu aliyeionja. Watu wameinywa, wakaongeza sukari, wakanyamaza.

Bosi akasema alilopaswa kusema. Wote wawili watahamia kufungasha. Nyumba ataipata Shemeji, mwisho wa mwezi. Alisema huku akitazama dirishani, na alipomaliza akatoka haraka.

Binti Hesabu ndiye aliyebaki. Alifunika mtungi, akakaza kifuniko, akakaza tena. Mara hii alikuwa akipepesa.

"Nisamehe, mama. Kitu kimoja tu sikielewi. Mmekaa bega kwa bega miaka yote hii. Mnarudi nyumbani pamoja. Kwa nini hukumwambia? Angekwambia ya kwake."

Mama Pua alivua koti jeupe, akalikunja mikono ndani, akaliweka juu ya vigae.

"Mwanangu, mimi nimemshuku mume, nimemshuku bosi, nimemshuku mlinzi, wewe nimekushuku hata kabla hujavua viatu. Mdogo wangu wa tumbo moja nilimshuku kwa ajili ya pasi." Akamtazama Bwana Funda, ambaye alikuwa bado ameinamia pale mtungi ulipokuwa. "Huyu ndiye mtu pekee ambaye sikuwahi kumshuku."